Mbegu za Moto za Hou Jinlan

Siku hizi watu wa kijiji chetu wakimtaja Hou Jinlan hushusha sauti, utadhani ni marehemu. Si marehemu. Ana miaka sitini na mitatu, meno yake yote yapo, na jana tu nimemwona akimfukuza mbuzi wa jirani kwa ufagio, anamtukana mbuzi, anamtukana na mama yake mbuzi. Kwa hiyo nitamsema angali hai, na kwa sauti yangu ya kawaida. Mimi ni Yu Lamei. Ukuta wa ua wangu na wake ni mmoja, na miaka ishirini na tatu nilimwita dada. Hasira niliyo nayo juu yake nisingeweza kuwa nayo juu ya mtu mwingine.

Alikuja kuolewa hapa akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka bondeni ambako watu hupanda ngano na hawaujui mlima. Mama mkwe wake, bibi mkavu wa ukoo wa Bao, ndiye aliyekuwa akitunza mbegu za kijiji kizima za danggui, ule mzizi wa dawa. Siku ya harusi hakumtazama mkwewe usoni. Alimtazama miguu, akasema, "Hii itapanda," na siku ya nne Jinlan alikuwa mlimani na jembe begani huku wenzake wa rika lake bado wanakula peremende za harusi.

Sisi wa juu ya Mto Tao, wilaya ya Min, tunaishi kwa mzizi huo mmoja. Viazi tunakula na maharage tunakula, lakini nyumba tunajenga kwa danggui na watoto tunasomesha kwa danggui. Vuli tukishachimba tunaifunga mafungu, tunaitundika darini juu ya moto wa kuni mbichi, na moshi unaikausha polepole mpaka nguo zetu, nywele zetu na mikate yetu vyote vinanuka danggui. Mwanamke akijifungua huko mijini, akachemshiwa kuku na mzizi huo ili damu yake itulie, ajue uliwahi kuning'inia darini kwa mtu kama mimi.

Lakini mzizi wenyewe una tabia yake. Mwaka wa kwanza unasia mbegu upate miche. Mwaka wa pili unahamisha miche shambani, na vuli unachimba. Mwenye kutaka mbegu huacha baadhi ya mizizi ardhini, ivumilie baridi ya pili, ichanue mwaka wa tatu. Hiyo ndiyo mizizi mama, na mbegu zake huchumwa zingali changa, zina wekundu uliopauka kama kiganja cha mtoto mchanga. Sasa, hakuna shamba lisilokuwa na mmea wenye kiherehere, unaotoa bua na maua mwaka wa pili kabla ya wakati wake. Ukishatoa bua, mzizi wake umegeuka ukuni, hata nguruwe hataki. Na mbegu za bua hilo ndizo nene, ndizo zilizokolea rangi, mgeni akiambiwa achague atachagua hizo. Tunaziita mbegu za moto. Ukizisia, watoto wanarithi kiherehere cha mama yao, na shamba lote linachanua mbele ya macho yako. Ubaya ni kwamba hutajua mpaka mwaka wa pili, ukishatia samadi, ukishapalilia, ukishavunja mgongo.

Ndiyo maana kwetu mtunza mbegu ana heshima kuliko mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti akikosea, tunamsengenya. Mtunza mbegu akikosea, watu hawali.

Jinlan alirithi kazi hiyo mama mkwe wake alipofariki. Mumewe alikuwa ameshakufa, trekta lilimpindukia kwenye ukingo wa barabara, akamwachia binti wa miaka sita, Yanling, na mashamba matatu ya mteremko mkali. Shemeji yake, Bao Tingxi, ndiye aliyekuja na nyumbu wake kila majira ya kuchipua kumlimia. Alikuja bila kuitwa, akaondoka bila kudai. Nasema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo lililotuponza.

Na alikuwa mwanamke mkali, jamani. Mwaka mmoja alikuja mchuuzi kutoka mjini na magunia ya salfa, akatuhubiria kwamba kukausha kwa moshi ni ushamba, tuchome salfa chini ya mizizi, siku mbili tu imekauka, nyeupe, haina mdudu.

"Mizizi itang'aa kama meno ya bibi harusi, shangazi," alimwambia Jinlan.

"Na atakayeinywa?"

"Atakayeinywa yuko Guangzhou huko. Wewe unamjua?"

"Simjui. Lakini anayekunywa ametoka kuzaa, ana kichanga kifuani. Mama yako alipokuzaa wewe alinyweshwa nini, salfa? Ndiyo maana umetoka hivyo?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Yeye hakucheka. Alilibeba gunia moja la yule bwana, akaenda nalo hadi chooni kwake, akalimwaga lote shimoni, akarudi akipangusa mikono. "Kachukue ukitaka," akasema. Mchuuzi hakurudi tena kwetu.

Huyo ndiye niliyemjua. Nilipojifungua binti yangu, mume wangu akiwa mbali kwenye kazi za ujenzi, ni Jinlan aliyeruka ukuta na bakuli la kuku na danggui, akanishika kichwa akaninywesha kijiko kwa kijiko huku akinitukana kwamba nina kichwa kizito kama tikiti. Ningeulizwa wakati ule ni nani asiyeweza kunidhuru, ningemtaja yeye kabla ya mama yangu mzazi.

Miaka minne iliyopita, mwanzo wa majira ya kuchipua, Yanling alipata ujauzito wa taabu huko jijini Lanzhou. Daktari akamwambia asinyanyuke kitandani. Jinlan akafunga kibegi chake, akamwita Tingxi, akamkabidhi mteremko wa mizizi mama, karibu mizizi mia nne, iliyoanza kuchungulia juu ya udongo.

"Shemeji, mwezi wa saba uwe macho," alimwambia mbele yangu. "Zikiwa na rangi ya kiganja cha mtoto, chuma. Usingoje zinenepe."

"Unanifundisha mimi danggui?" Tingxi akamjibu. "Nenda kalee mjukuu, wewe mwanamke wa ngano."

Mwaka huo bei ilikuwa imepaa hadi watu wakawa wanalala na mizizi yao chumbani. Basi Jinlan hajafika hata Lanzhou, Tingxi akaingia kwenye ule mteremko na jembe, akachimba mizizi mama ya kijiji kizima, akaiuza kama mizizi ya kawaida. Hakuna aliyemwona, maana mteremko uko nyuma ya kilima na kila mtu alikuwa na miche yake ya kuhamisha. Aliacha thelathini hivi tu kwenye kona yenye mwinuko mkali, si kwa huruma, ni kwa uvivu. Majira ya joto akazunguka kwenye kingo za mashamba, akakusanya mbegu za yale mabua ya kiherehere tunayoyakata na kuyatupa. Akajaza magunia. Jinlan aliporudi, magunia yalikuwa yamepangwa ndani kwake, yamefungwa vizuri.

Mwaka uliofuata tukagawana, tukasia. Mwaka wa pili wake tukahamisha miche. Na mwezi wa tano wa kalenda yetu, asubuhi moja, niliona bua la kwanza shambani kwangu.

Nikalinyonga nikalitupa. Hakuna shamba lisilokuwa na bua moja. Hatua mbili mbele nikaona jingine. Nikanyonga la nne, la kumi, kisha nikainua kichwa nikatazama mstari mzima, na mistari yote baada yake, na kila mahali vilele vilikuwa vimeshaanza kurefuka. Nilikaa chini kwenye tuta na jembe langu. Binti yangu alikuwa aingie chuo vuli ile. Mume wangu alikuwa ameumia goti na yuko nyumbani. Hatukuwa na kitu kingine chochote ardhini ila kile.

Kabla ya saa sita mchana wanawake kumi na wanne tulikuwa kwenye lango la Jinlan. Aliyetangulia alikuwa Mama Ji, jirani wa upande wa pili, mwenye mdomo usiojua likizo.

"Jinlan! Toka nje!"

"Niko nje. Unapiga kelele kama kuku aliyetagia kwa jirani, una nini?"

"Shamba langu lote mabua! La huyu mabua, la yule mabua! Umetuuzia mbuzi kwenye gunia, mwizi mkubwa wewe!"

Jinlan alitutazama mmoja mmoja. Uso ulimbadilika, ukawa kama unga. Kisha akasema, "Sikuchuma mimi. Mnajua nilikuwa Lanzhou. Kamuulizeni shemeji yangu."

Tingxi akaitwa. Alikuja taratibu, kiko mdomoni, akasikiliza matusi yote bila kupepesa.

"Mimi sibishani na wanawake kumi na wanne langoni," alisema. "Siku ya kumi na saba nitakuwa mlimani. Anayenitaka aje na koo lake."

Akageuka akaenda zake, na kila mmoja wetu akajumlisha mwenyewe: mbegu za moto maana yake mizizi mama iliuzwa. Nasi hatukumfuata, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Siku ya kumi na saba ya mwezi wa tano watu wa wilaya nzima hupanda Mlima Erlang kuimbiana, na ugomvi ulioshindikana nyumbani hupelekwa huko. Ukiimbiwa, unajibu kwa wimbo. Hakuna kupigana, hakuna kukimbia, na umati unasikiliza mpaka mmoja akose jibu. Aliyekosa jibu ndiye mwenye kosa. Akutukanaye hakuchagulii tusi, ila huko angalau lazima tusi liwe na vina.

Siku zile zile ndizo siku za kusia. Magunia mapya ya Jinlan, ya mbegu alizochuma kwa mkono wake mwaka uliotangulia, yalikuwa yameshapangwa yakingoja wenyewe, na hakuna aliyekwenda kuyachukua. Kila mtu alikuwa anangoja mlima useme. Akishinda Tingxi, basi Jinlan si mtunza mbegu tena, na sisi hatuna mbegu za kuamini.

Nilikwenda kwa Jinlan jioni ya mkesha, jua bado lipo, nikamkuta shambani. Nikasimama kwenye tuta nikatazama. Majani mabichi, mapana, yamelala chini yameshiba. Hakuna bua hata moja.

"Dada, mbona lako halijatoa?"

"Ni baridi ya huku juu, mdogo wangu," alisema bila kuinua kichwa. "Baridi inavunja kiherehere."

Nikaridhika. Shamba langu liko chini ya lake hatua mia moja, baridi ni ile ile, theluji ni ile ile, nami nikaridhika! Ukimpenda mtu unamtafutia udhuru mwenyewe kabla hajauomba. Tena nikamwambia, "Kesho wewe nyamaza, nitaimba mimi. Koo langu bado changa. Nitamvua nguo yule mzee mbele ya wilaya nzima."

Akaniambia, "Ahsante, Lamei."

Mlimani siku hiyo hapakuwa na pa kukanyaga. Miavuli, wauza maandazi, vikongwe waliobebwa migongoni, wachumba wanaojifanya hawajuani. Tingxi alikuwa amesimama kwenye jiwe chini ya hekalu na wenzake, mkono sikioni tayari. Ana sauti yule mzee, siwezi kumnyima. Akifungua koo, bonde la pili linageuka kusikiliza. Lakini mimi siku ile nilikuwa na hasira, na hasira ni sauti pia. Nikafungua mwavuli, nikavuta pumzi, nikamwachilia:

"A-ou! Mto Tao umechafuka, nani kautibua?
Mlima wa mtu, mizizi ya mtu, nani kaichimbua?
Mwenyewe yuko Lanzhou, binti anajifungua,
Wewe ukamwachia gunia la moto na mabua!"

Umati ulilipuka. "Jibu, mzee! Jibu!" Wanawake wa kijiji chetu wakanipiga mgongoni mpaka nikakohoa. Mama Ji alikuwa akilia machozi ya furaha. Nikamtazama Tingxi nikingoja aanguke.

Hakuanguka. Alivuta kiko mara moja, akakikabidhi kwa mwenzake, akaweka tena mkono sikioni. Na hakunitazama mimi. Alimtazama Jinlan aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

"A-ou! Jiwe moja halisagi unga, husaga mawe mawili,
Nilichimba mimi, sikatai, kwa mikono yangu miwili;
Lakini gunia alilishona nani, aliyejua ukweli?
Mbona shambani kwake hamna bua la kwanza wala la pili?"

Nilikuwa na beti tatu zimepangwa kichwani, nimezikariri wiki nzima nikipika, na hakuna hata moja iliyonijia. Nikageuka nimwangalie dada yangu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Jinlan," Mama Ji aliuliza kwa sauti ya kawaida, hakuimba. "Shamba lako ulisia mbegu gani?"

"Zangu za akiba," Jinlan akasema. "Zilikuwa mtungini. Za mwaka wa nyuma yake."

Mtu mmoja alicheka, mwanamume nisiyemjua, wa kijiji kingine kabisa. Hata yeye alijua. Mbegu ya danggui haivuki baridi mbili. Mwaka ukipita imekufa, weka mtungini, weka kwenye hariri, imekufa. Hilo mtoto anayejifunza kushika kijiko kwetu analijua, na mtunza mbegu wa kijiji alikuwa amesema uongo mbele ya wilaya nzima, mchana kweupe, akitegemea nini sijui. Nadhani alikuwa hajawahi kudanganya hadharani na hakujua namna.

Sikujibu ubeti ule. Nilifunga mwavuli nikashuka.

Alinifuata. Nilisikia hatua zake nyuma yangu kwenye njia ya mawe, hatua za ile miguu ambayo mama mkwe wake aliisifu.

"Lamei, ngoja. Ningekueleza."

"Lini? Nikishazikwa?"

"Nilijua siku niliyorudi. Nilitia mkono kwenye gunia tu, kabla sijaziona. Zilikuwa nzito."

"Ukalishona tena."

"Tingxi alikuwa amekaa palepale kwangu, anakunywa chai. Miaka yote ile ananilimia, Lamei, hajaniomba hata kikombe. Bila yeye Yanling angekula nini? Nimwambie nini mtu kama huyo? Mwizi?"

"Ndiyo! Mwizi! Neno lipo, na ungeweza kulisema na chai ukaendelea kummiminia!"

"Nilidhani si zote. Nilidhani labda nusu zitatoa bua, watu watasema ni hali ya hewa..."

"Na wewe ukapanda mbegu gani, dada? Sema. Mimi si Mama Ji."

"Kwenye ile kona alibakiza mizizi thelathini. Mbegu zake nilizichuma mwenyewe, zilikuwa bado changa. Hazikutosha watu wote."

Hapo nilisimama, nikageuka. Watu walikuwa wanatupita wakishuka na vikapu vyao, wengine wanageuza shingo, nami sikujali.

"Hazikutosha watu wote. Sawa. Zingetutosha wawili. Umeniona nikihamisha ile miche, nimeinama wiki mbili, mgongo umekwisha, na ulinishushia maji kutoka shambani kwako. Ulinipa maji, Jinlan! Ulisimama ukanitazama nikipanda kuni, ukanipa maji ya kunywa! Wawili tu. Zingetutosha wawili."

Nikaona anatafuta jibu la kweli, si udhuru. Alipolipata lilikuwa baya zaidi.

"Kama ningekupa wewe," alisema, "ungeniuliza kwa nini."

Niliutupa mwavuli wangu korongoni, mwavuli mzuri, nikaenda zangu. Sijui ningefanya nini kingine na mikono yangu.

Kesho yake watu wakaenda kwake wakayachukua yale magunia mapya. Hawakuyachukua wakasie. Waliyamwaga langoni kwake, moja baada ya jingine, mpaka kizingiti kikafunikwa. Pengine zilikuwa mbegu njema. Mimi naamini zilikuwa njema. Lakini nilimwaga langu kama wengine, na kuku wake wakaja wakala hadi wakashindwa kutembea. Mwaka huo hatukusia. Binti yangu hakwenda chuo vuli ile, alikwenda kufunga vifurushi ghalani mjini, na kila mwezi akinipigia simu ananiambia hajachoka.

Na Tingxi? Mnataka kusikia kwamba Tingxi alipata malipo yake. Hakupata lolote. Kwa kuwa alijibu kwa wimbo na akakiri kwa vina, watu walisema mzee ana roho, amekosa lakini ni mwanamume. Mwaka uliofuata alipanda tena lile jiwe na wakampigia makofi. Nikikumbuka hilo chakula kinanikwama. Jinlan alinyamaza, akaitwa nyoka. Tingxi aliiba, akaitwa msanii.

Vuli ya mwaka ule wa mabua ikaja. Magari ya wachuuzi yakapanda, na shamba pekee la kijiji lenye mizizi ya maana lilikuwa la Jinlan. Hakuchimba. Yanling alikuja kutoka Lanzhou akapiga kelele nikamsikia mpaka jikoni kwangu: "Mama, umerukwa na akili? Utakula nini?" Jinlan aliiacha mizizi yote ardhini, kila mmoja, ikafunikwa na theluji, na majira ya baridi yote alikula viazi. Sikumpelekea kitu. Nilisikia akikohoa upande wa pili wa ukuta na sikumpelekea kitu.

Majira ya joto yaliyofuata mteremko wake wote ukachanua, mweupe toka juu hadi chini, maua ya wakati wake. Mbegu zilipofika rangi, alipita lango hadi lango. Kwangu hakuingia, alisema kutoka nje.

"Kesho nachuma. Njooni na mifuko."

Tulikwenda tisa kati ya kumi na wanne. Tulichuma kutwa nzima, na jioni jua lingalipo tukamwaga mbegu kwenye turubai uani kwake. Zilikuwa na rangi ile ile ya kiganja. Nilitia mkono, zikapita vidoleni nyepesi kama inavyotakiwa, na sikuwahi kuona mbegu nzuri kuliko zile.

Desturi ni kwamba mtunza mbegu huchota kwanza. Ni heshima yake, kinachobaki ndicho cha wengine. Jinlan alichukua bakuli la kuchotea, akainama. Nikaweka mkono wangu juu ya bakuli.

"Wewe mwisho," nikasema.

Mama Ji mwenyewe alitazama pembeni.

"Mwisho, na kwenye turubai hili hili," nikasema. "Tukuone."

Aliliachia bakuli. Tulichota mmoja mmoja, na watu hawakuchota kidogo, nami sikuchota kidogo. Zamu yake ilipofika turubai lilikuwa tupu, limebaki na makapi na punje zilizoingia kwenye mikunjo. Alipiga magoti, akawa anazikusanya kwa ukucha, punje moja moja, anazitia kwenye mfuko wa aproni yake. Ilimchukua muda mrefu. Hakuna aliyeinama kumsaidia, na niliyekuwa nimesimama karibu naye kuliko wote ni mimi.